Vyumba Vitano Vina Wapangaji, Ritani Inasema Sifuri

Assalaam alaykum Somo,

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na tangu mwisho wa Februari 2022 niko Leicester, Uingereza. Naandika nikiwa nimetoka zamu ya usiku, kwa hivyo ukiona maneno yamepandana nivumilie.

Kabla sijaondoka nilikuwa nimemaliza kulipia nyumba yangu hapo Majengo. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, vitatu huku na vitatu huku, choo na jiko uani. Ni nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi tunampa chake kila mwezi na hatuna ugomvi naye. Tangu Machi 2022 vyumba vitano vina wapangaji, kila kimoja shilingi 5,000. Cha sita, cha mwisho karibu na ua, nimekitia kufuli. Ndani mna kitanda changu, kabati alilonipa marehemu bibi, na masanduku ya vyombo nilivyoshindwa kubeba. Nikija ndimo ninamolala. Nimekuja mara moja tu, wiki tatu Agosti 2024, kwa harusi ya mtoto wa khalati. Mwaka 2023 sikuja kabisa. Ndio mwaka mume wangu na watoto walinifuata huku. Mwaka huu 2025 bado, ila nina hamu ya kuja Disemba nimwone mama.

Kodi hukusanywa na mdogo wangu wa kiume. Mimi sijapata kuishika hata shilingi yake, na siitaki: yote humwishia mama, dawa za presha na sukari, chakula, na binti anayemsaidia kazi. Mwaka jana chumba kimoja kilikaa kitupu miezi mitatu, ikawa mimi natuma kutoka huku kujaza pengo.

Sasa balaa. Kila mwezi wa sita mdogo wangu huenda kwa kijana mmoja wa saiba, duka la intaneti, kule Mwembe Tayari, kupelekewa ritani yangu, ile taarifa ya mwaka ya pato na ushuru, atoe shilingi 200, na mimi nitumiwe picha ya risiti kwa WhatsApp: "Ritani imeingia, dada." Nami namjibu kwa dua, nalala. Juzi nimepata kiwanja Mtwapa, wakili akaniomba cheti cha PIN, ile nambari ya mlipa ushuru. Nikaingia iTax, mtandao wa KRA (Mamlaka ya Ushuru ya Kenya), mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nije huku. Nambari ya siri siijui. Nikaomba nyengine, nikasubiri barua pepe usiku mzima, haikuja. Mdogo wangu akaenda kwa yule kijana akachapishiwa cheti, akanipigia picha. Somo, kwenye mstari wa barua pepe pana anwani ya saiba. Jina ni langu, PIN ni yangu, barua pepe ni ya duka la watu.

Kijana alipobanwa akafungua kila kitu. Ritani ya 2022: sifuri. Ya 2023: haikupelekwa, kuna faini. Ya 2024: sifuri. Tena ile ya 2022 ni uongo wa wazi, maana Januari na Februari nilikuwa kazini hapo Mombasa na nilikatwa ushuru kwenye mshahara. Sasa anasema ana mtu wa ndani wa kusafisha yote kwa shilingi 35,000, lakini iwe wiki hii.

Mdogo wangu asema nisijisumbue: nyumba haina ardhi, hati sina, na pesa yenyewe yamlisha mama, KRA wana haja gani? Mwenzangu kazini, Mnigeria, ameniongezea presha. Asema ile kodi ya Mombasa yatakiwa ijulikane na watu wa ushuru wa huku pia. Na mimi swali langu kubwa ni mshahara. Huku nakatwa kila mwezi kabla sijaushika. Kweli Kenya nao watataka kipande? Nilipe hizo 35,000 nilale, au nifanyeje?

Aliye Mbali, Leicester

---

Wa alaykum salaam mwanangu, na pole na zamu.

Somo wa zamani aliitwa mwari akikaribia kuolewa, akamfunza ya chumbani, akapewa kanga zake akaenda. Mimi naandikiwa ritani. Lakini hukukosea mlango: kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi kwenye meza ya hesabu ya kampuni moja ya klaringi hapa bandarini, na tangu hapo majirani hawaniletei mwari, waniletea karatasi za KRA.

Hizo 35,000 usizitoe. Faini ya mtu binafsi aliyechelewesha ritani ya mwaka ni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kile kilicho kikubwa. Zamani ilikuwa 20,000, na wako vijana wangali wanatisha watu kwa bei ile ya zamani. Faini inayoonekana kwenye jina lako leo ni ya ritani moja ya 2023. Sasa 35,000 za kusafisha nini? Ikiwa ni hongo, ni kosa juu ya kosa, na jina litakaloshikwa ni lako. Ikiwa hakuna mtu wa ndani wala wa nje, umempa kijana mtaji wa duka. Na ule msamaha wa faini na riba uliokuwa ukitangazwa kila redio ulifungwa tarehe 30 Juni 2025. Ulikuwa wa wote na haukuhitaji kujuana na mtu.

Kinachonikera zaidi ya hizo pesa ni ile barua pepe. Mwanangu, mwenye barua pepe ndiye mwenye ufunguo. Ilani ya KRA ikija, yasomwa Mwembe Tayari, au haisomwi. Nambari ya siri ikiombwa, yaenda Mwembe Tayari. Hata mimi, na ujuzi wangu wote huo, mwaka wa kwanza wa iTax nilimwachia kijana wa saiba anisajilie kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Miaka miwili baadaye nataka kuingia, anwani si yangu, saiba imekuwa duka la kuuza chipsi. Nilikwenda na kitambulisho changu Huduma Centre, nikaketi kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, wakanibadilishia. Si kazi kubwa, ila lazima uianze wewe mwenyewe. Wewe uko mbali, basi waandikie KRA kitengo cha huduma kwa wateja kutoka barua pepe yako, taja PIN, ambatanisha nakala ya kitambulisho, eleza kuwa anwani iliyoko si yako na waombe waibadilishe. Wakikuongezea masharti, yafuate. Ukishaingia, badilisha nambari ya siri siku hiyo hiyo, na nambari ya simu pia utazame ni ya nani. Kile kisanduku cha hesabu wanachokuwekea mlangoni, jumlisha hii na hii, kisikutishe. Ni cha kuhakikisha wewe si roboti. Kabla ya hapo usifanye lolote, maana utakuwa wapanga vyombo katika nyumba ambayo ufunguo anao mwengine.

Sasa twende kwenye mambo yenyewe. Lugha yetu hapa yatuponza kidogo. Huku kwetu kodi ni pesa ya mpangaji, ushuru ni wa serikali. Ukivuka Lungalunga kuingia Tanzania, kodi ni ya serikali. Ndio maana mdogo wako akisikia "kodi" aona habari ya vyumba vitano na mama, basi. Nitasema kodi nikiwa na maana ya kile wanachokupa wapangaji, na ushuru nikiwa na maana ya kile cha KRA.

Swali lako la mshahara halijibiki kwa ndiyo wala la. Sheria haitazami pasipoti, yatazama kama wewe ni mkaazi wa Kenya mwaka huo, na kila mwaka wahesabiwa peke yake. Mkaazi ni mtu mwenye makao ya kudumu Kenya ambaye alikuwako nchini kwa muda wowote katika mwaka huo. Muda wowote, mwanangu. Asiye na makao hayo huwa mkaazi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au akiwa amekuja mwaka huo na miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Mkaazi mshahara wake wa ajira huingia kwenye hesabu ya Kenya, uwe umeupata Mombasa au Leicester. Asiye mkaazi huulizwa tu kilichotoka Kenya.

Sasa ukumbuke kile chumba cha sita. Umekitia kufuli, mna kitanda chako na kabati la bibi, ukija ndimo unamolala. Wewe wakiona ni stoo ya kumbukumbu. Afisa wa ushuru anaweza kukiona ni makao ya kudumu, na sitamlaumu. Kwa hivyo 2022, ulipokuwa hapa Januari na Februari, wewe ni mkaazi. Mwaka 2023 hukukanyaga, na asiyekanyaga hata siku moja hawi mkaazi hata kama ana vyumba kumi vya kufuli. Mwaka 2024 zile wiki tatu za harusi pamoja na kile chumba zaweza kukurudisha ndani. Na 2025 ni kama hivyo: mpaka leo uko nje, ukishuka uwanja wa ndege wa Moi Disemba kwa siku moja, hesabu yabadilika. Sisemi usije. Mama ni mama. Nasema ujue unachobeba kwenye begi.

Usishtuke lakini. Kenya na Uingereza wana mkataba wa kuzuia mtu kutozwa mara mbili, ulitiwa saini 1973. Mtu akionekana mkaazi wa nchi zote mbili, mkataba wauliza makao yake ya kudumu yako wapi, na yakiwako pande zote, maisha yake yamefungamana zaidi na upande gani. Mume yuko Leicester, watoto wako shule Leicester, kazi iko Leicester. Hilo lakupa hoja nzito ya kuhesabiwa mkaazi wa Uingereza, na mshahara wa kazi unayoifanya huko ukabaki huko. Lakini mkataba haujitumii wenyewe. Wewe ndiye wa kuutaja na kuonyesha karatasi. Kwa hivyo kila P60 ambayo mwajiri wako hukupa baada ya mwaka wao wa ushuru kuisha Aprili, itunze. Ni sawa na P9 yetu, karatasi ya mshahara na ushuru uliokatwa mwaka mzima. Watu wengi huitupa pamoja na bahasha.

Wenzako walio Marekani hawana bahati hiyo, maana Kenya haina mkataba wa namna hii nao. Hilo si lako, napita.

Nyumba sasa, na hapa ndipo penye moto. Mdogo wako ana hoja tatu na zote zavuja. Kwanza nyumba bila ardhi: ushuru wa kodi ya nyumba hauulizi ardhi ni ya nani, wauliza nani amepokea pesa ya mpangaji. Pili hati: huna hati ya ardhi, lakini una wapangaji watano wanaotuma kwa M-Pesa kila mwanzo wa mwezi, na hiyo ni hati tosha. Tatu ni mama. Hilo ni zuri, na Mwenyezi Mungu akulipe, lakini pesa ilikuwa yako kwanza ndipo ukampa. Ukimlisha mama kwa mshahara, mshahara haukomi kuwa mshahara.

Kwa mkaazi, kodi ya nyumba za kuishi ikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka na isizidi milioni 15, hutozwa asilimia 7.5 ya jumla iliyokusanywa. Ni tangu 1 Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 10. Jumla maana yake jumla: hutoi rangi, hutoi fundi wa choo, hutoi hata kile unachompa mwenye ardhi. Ritani yake ni ya kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, wala haingoji Juni. Wengi hawalijui hili, wangoja Juni na faini zajijenga kimya kimya.

Hiyo 288,000 si nambari ya kuokota. Ni 24,000 kwa mwezi. Asilimia 10 yake kwa mwaka ni 28,800, na hiyo ndiyo nafuu binafsi anayopewa kila mkaazi. Yaani aliye chini ya hapo, kama hana pato jengine, hesabu humtoka sifuri kwa halali. Lakini hata yeye lazima aandike kodi yake kwenye ritani ya mwaka. Sifuri ya kuandika kila kitu na kukuta hudaiwi ni jambo moja. Sifuri ya kijana kubonyeza kitufe cha kusema huna pato kabisa ni jambo jengine, na hiyo ndiyo uliyopelekewa wewe.

Chukua kalamu. Mwaka 2022 vyumba vitano kwa miezi kumi ni 250,000. Haikufika. Yaingia kwenye ritani ya mwaka pamoja na ile mishahara miwili ya hapa, na huko gharama za nyumba zakubaliwa kutolewa. Mwaka 2024, chumba kimoja kitupu miezi mitatu: 300,000 toa 15,000, wabaki na 285,000. Umekosa mstari kwa shilingi 3,000! Yule mpangaji aliyehama alikufanyia jambo bila kujua, ikiwa mwaka huo wahesabiwa mkaazi.

Mwaka 2023 ndio mgumu. Hukuja, si mkaazi, na asiye mkaazi hana haki ya ile asilimia nafuu. Kodi ya nyumba anayolipwa asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya jumla, na sheria yamtaka anayelipa ndiye akate apeleke. Mimi sijapata kumwona mpangaji wa chumba cha 5,000 Majengo akikata 1,500 akaipeleka KRA, na wewe hutamwona. Lakini 300,000 kwa asilimia 30 ni 90,000, na kwa asilimia 10 ya mkaazi wa wakati ule ingekuwa 30,000. Utaona kishawishi kiko wapi: mtu atakwambia jiandike tu mkaazi. Kisha mwaka huo huo utawaambia wewe si mkaazi ili mshahara usiguswe. Huwezi kuwa na mguu ndani wa kodi na mguu nje wa mshahara katika mwaka ambao hukuja hata siku moja, na muhuri wa pasipoti wasema wazi.

Hapa ndipo pa kutumia pesa yako. Tafuta mhasibu aliyesajiliwa kuwa ajenti wa ushuru, umteue kupitia iTax yako mwenyewe ukishaifungua, akufanyie mwaka mmoja mmoja kwa maandishi: mkaazi au si mkaazi, kwa sababu gani, unadaiwa kiasi gani. Muulize hasa juu ya 2024, sheria ya Kenya ikikuita mkaazi na mkataba ukikupa Uingereza, ile kodi aiweka wapi. Akikujibu kwa simu haraka haraka, tafuta mwengine. Kwenye iTax hata jina la wajibu ni tofauti, kuna kodi ya mapato ya mkaazi na ya asiye mkaazi, na kijana wako miaka yote alibonyeza ile ya mkaazi kwa sababu ndiyo aliyoizoea.

Mhasibu atahitaji vitu. P9 ya 2022 kutoka kwa mwajiri wako wa hapa. Iombe kwa barua, wana wajibu wa kukupa. Zile P60. Kurasa za pasipoti zenye mihuri. Na daftari. Najua liko, mdogo wako lazima ana daftari, hata kama ni lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, lililokunjwa na kutiwa mfuko wa shati. Mwambie apige picha kila ukurasa, na achukue taarifa yake ya M-Pesa tangu Machi 2022. Chumba kilichokuwa kitupu kionekane kitupu, na tarehe. Bila hilo, ile 285,000 ni maneno ya mdomo.

Baada ya hapo, ritani za sifuri zarekebishwa. Mfumo waruhusu kupeleka ritani iliyosahihishwa ya mwaka uliopita. Ile ya 2023 yapelekwa upya kabisa. Ushuru uliochelewa una riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kutolipwa kwa wakati. Yauma, lakini yahesabika. Kisichohesabika kwa urahisi ni kukutwa. Maelezo ya uongo kwenye ritani adhabu yake ni asilimia 20 ya ushuru uliopungua, na ikionekana ni makusudi, asilimia 75. Mpaka juzi ungeweza kusema hukujua, ulitumiwa picha ya risiti ukaitikia kwa dua. Leo hii barua yako mwenyewe yasema wajua. Ritani ya 2025, ambayo mwisho wake ni 30 Juni 2026, ikienda sifuri tena, hutakuwa na la kusema.

Malipo yafanywe kwa nambari ya malipo itakayotolewa na iTax kwa jina lako, ile PRN, hata kama ni mdogo wako atakayelipa kwa M-Pesa kwa niaba yako. Pesa isipite kwenye simu ya mtu yeyote akakwambia "nitakulipia". Na kijana akikushauri mfute PIN iishe, mwambie asante. PIN hiyo ndiyo wakili aliyokuomba kwa kiwanja cha Mtwapa. Ufute leo uitafute kesho?

Yule Mnigeria wako asema kweli. Mpaka Aprili 2025 Uingereza ilikuwa na mlango kwa mgeni ambaye pato lake la nje lilikuwa chini ya pauni 2,000 na hakuliingiza huko, aliachwa nalo. Mlango ule ulifungwa 6 Aprili 2025. Sasa mkaazi wa huko huulizwa pato la dunia nzima. Kuna nafuu ya pauni 1,000 kwa mwaka kwenye kodi ya nyumba, iwe ya huko au ya nje, lakini shilingi 300,000 zimeipita. Basi kwa mwaka wao ulioanza 6 Aprili 2025 utatakiwa kujisajili HMRC, watu wa ushuru wa huko, kufikia 5 Oktoba 2026 na kupeleka ritani kwa mtandao kufikia 31 Januari 2027. Ushuru uliolipa Kenya kwa kodi hiyo hiyo huhesabiwa ukapunguziwa, ukiwa na risiti. Umeona sasa kwa nini sifuri ya Mwembe Tayari yakuumiza mpaka Leicester: usipolipa hapa, huna cha kupunguziwa kule. Utasikia pia habari za nafuu mpya ya miaka minne kwa wageni. Ukiichukua wapoteza posho yako ya pauni 12,570 isiyotozwa, na kwa mshahara wa nesi hiyo ni kuuza ng'ombe kununua maziwa.

Nimebakisha mdogo wako. Usimpigie kwa ukali. Kwa 200 zake alikuwa akikufanyia jema, na hakuna aliyemwonyesha tofauti. Lakini mpange upya mambo ya pesa, na mama ajue, kwa sababu kitakachotoka kwenye 25,000 za mwezi kwenda KRA kitamgusa yeye kwanza. Mdogo wako asije akaonekana anakula. Kama kitapungua, semeni nyinyi wawili ni nani atakayejaza pengo la dawa, mkubaliane kwa kiasi, si kwa "tutaona". Na umwambie asirudi kule saiba kufungua PIN yako hata kwa kuangalia tu, maana kila akifungua, kijana amefungua pia.

Ukipata majibu ya KRA kuhusu barua pepe, niandikie nijue imekuchukua muda gani. Kuna mama wa Mikindani ana kesi kama yako, mwanawe yuko Toronto, na kila Ijumaa anipitia kuniuliza.